Mzabibu wa Uani Kwetu Kibokoni

Mzabibu wetu ulikuja Mombasa ukiwa vijiti vilivyoviringishwa ndani ya gunia lililolowa maji. Baba alikuwa amekwenda Dodoma kumzika nduguye, na siku ya kurudi mwenyeji mmoja wa huko akamkatia vijiti hivyo shambani kwake. Alimwambia wazi kwamba hizi si zabibu za kula, ni za divai: punje ndogo, ngozi nene, mbegu tele. Baba akamjibu kwamba zabibu ni zabibu, divai ni kazi ya mikono ya watu. Akavipakata kwenye basi njia nzima, akivinyunyizia maji ya chupa yake ya kunywa.

Mwaka ule mimi nilikuwa nimerudi nyumbani. Mume wangu alikuwa ameniacha, sikuwa na mtoto, na nyumba yetu ya Kibokoni ilikuwa na mwendo wake ambao haukunihitaji. Mama alipika na kusuka makapu yake ya ukindu. Baba alikwenda msikitini na kurudi. Ndugu yangu mdogo alikwenda kazini, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mimi nilizunguka mle ndani kama mgeni aliyekawia kuaga. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinikabidhi lile gunia, akasema, "Haya, hivi ni vyako. Uani kuna jua."

Vingi vilikufa. Viwili vikashika. Nilivimwagia maji ya kuoshea samaki mpaka Mama akalalamika kwa ile harufu, na vilipoanza kutambaa, ndugu yangu alinijengea chanja kwa boriti zilizobaki tulipotengeneza dari. Alikuwa na mikono mizuri, na siku ile alipigilia misumari huku akinichekesha kwa visa vya ofisini kwao. Nilikuwa nimembeba mgongoni yule. Mama alipokuwa mgonjwa baada ya kumzaa, mimi ndiye niliyemlaza na kumwamsha, nami nilikuwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, nikimwona anapanda ngazi nilinyoosha mikono chini yake bila kufikiri.

Baba alikuwa ameambiwa kwamba mzabibu usipokatwa hukupa majani tu. Kuukata kuliniuma. Unaupogoa mpaka unabaki vigutu, mtu akipita anadhani umeuua, kisha machipukizi yanatoka yakiwa na vishada vidogo kama ushanga wa kijani. Mwaka wa kwanza wa kuzaa tulipata vichache, tukavila papo hapo tumesimama, tukikunja nyuso kwa ukali wake. Mwaka wa pili zilitosha kutengenezea siki, na mwaka wa tatu chanja ilianza kulemewa.

Ulikuwa wakati wa kaskazi, joto limekaa juu ya mji halitikisiki. Zabibu haziivi pamoja. Punje moja inageuka katikati ya kishada kibichi, inakuwa ya hudhurungi, kisha zambarau, na jirani yake bado ngumu kama kokoto. Unangoja. Kunguru nao wanangoja, wamejipanga ukutani, na popo wanakuja kwa zamu yao. Nilishona vifuko vya bafta, nikavivika vishada kimoja kimoja. Kila asubuhi nilifungua kifuko, nikaonja punje, nikatema mbegu kiganjani. Mbegu ikiwa ya kijani, bado. Ikiwa ya kahawia na inavunjika menoni kama njugu, ndiyo wakati wake.

Wanawake wa mtaa walizoea kuingia kuutazama. Msimu uliotangulia nilikuwa nimetengeneza siki, nikaigawa kwa chupa, na wengi walirudi kusema hawajaonja siki ya kutilia kachumbari kama ile. Huenda mtu mwingine asione uzito wa jambo hili. Lakini nilikuwa nimekaa miaka nikiitwa yule aliyeachwa, na sasa watoto waliotumwa kwetu walibisha hodi wakisema wametumwa kwa dada mwenye mzabibu.

Mwezi wa Shaabani, vishada vya upande wa jua vilipokuwa tayari, ndugu yangu akanijia nikiwa uani. Alisema kuna bwana mmoja wa Kizingo wanayefanya naye shughuli za mizigo, na mama wa bwana yule hajiwezi. Daktari amemshauri anywe maji ya zabibu, yawe halisi, si ya kopo. Akaniuliza kama naweza kumfaa.

Sikumuuliza swali hata moja.

Tulizichuma pamoja baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijazichemsha. Yeye juu ya ngazi, mimi chini na kapu, Mama kwenye kibao akitoa majani na punje zilizopasuka. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi, na nyigu walituzonga mpaka ndugu yangu akajifunga shuka kichwani, tukacheka sote. Nilimchagulia yule mgonjwa vishada vizuri zaidi. Makapu ya Mama, yale yenye ukingo wa zambarau, yalijaa mpaka juu. Juu yake nikaweka chupa ya siki iliyofungwa kitambaa, nikamwambia ndugu yangu ampe mama yule salamu zangu, na kwamba nitamkumbuka katika dua. Aliipokea chupa, akasema atamwambia. Vishada vya upande wa ukuta havikuwa vimeiva; hivyo tukaviacha viwe vya Ramadhani.

Nilimwombea kweli. Kila baada ya sala nilimtaja mama asiyejiweza wa Kizingo.

Siku chache baadaye chupa zangu za siki zilianza kurudi. Ya kwanza niliikuta kizingitini, haijafunguliwa. Ya pili aliileta mtoto, akaniwekea mkononi na kukimbia. Wanawake hawakuja tena. Nilidhani labda siki imeharibika, nikafungua na kuonja, ikawa nzuri kama kawaida.

Baadaye nilijua habari ilivyotoka. Mpishi wa ile nyumba ya Kizingo alikuwa mtu wa Kibokoni. Alisimulia barazani kwamba bosi wake ameponda zabibu kwenye pipa, akatia sukari na hamira, na pipa linatoka povu bila moto. Alimsikia akiwatambia rafiki zake kwamba zimetoka kwa mwanamke mmoja wa mji wa kale. Na mpishi alikuwa ameyatambua makapu ya Mama. Hakukuwa na mama mgonjwa. Hakukuwa na mama kabisa. Bwana yule aliishi peke yake.

Wazee wawili wa msikitini walikuja kumwona Baba baada ya alasiri. Walikuja kwa adabu. Waliulizana hali, wakanywa kahawa, wakaombeana heri ya mwezi unaokuja, na ndipo mmoja akasema kwamba wameona ni haki yake aambiwe na wao kuliko kuambiwa na njia. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya pazia la mlango. Ndugu yangu alikuwa amekaa na wanaume.

Baba aliniita. Nilisimama mlangoni, nimejitanda mtandio. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Zabibu ulimpa nani?"

Nilimtazama ndugu yangu. Sikutaka kumtaja, nilitaka ajitaje. Nilikuwa na hakika atajitaja. Hata nilimwonea huruma, nikawa natafuta maneno ya kumtetea: kwamba yeye pia alidanganywa, kwamba hakujua. Alikuwa akitazama uzi uliolegea kwenye zulia. Aliuvuta, akauzungusha kidoleni, kisha akasema, "Mimi nilimkanya."

Sikuelewa mara moja kwamba ananisema mimi. Neno lilinipita, likarudi. Nilifungua mdomo, na hapo nikahisi mkono wa Mama ukinishika kifundo cha mkono kwa nyuma ya pazia. Alinibana kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo, wala hakuniachia mpaka wazee walipoaga.

Alinipeleka jikoni. Nilimweleza yote kwa pupa, nikamkumbusha kwamba alikuwepo, alikaa kwenye kibao, aliyasikia yale ya mgonjwa kwa masikio yake. Hakukanusha. Alifunika chungu, akapunguza mkaa.

"Najua," alisema. "Nakuomba unyamaze."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwenzio ana posa Bondeni. Nikaha ni baada ya Idi. Wale watu wakisikia haya hawatampa mtoto wao." Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayekushauri nguo ipi uvae, "Jina lako wewe lishaguswa, mwanangu. Lake bado."

Nilinyamaza. Nimejiuliza mara nyingi nilinyamazaje, na jibu langu ni kwamba hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuambiwa. Ningesema, ningekuwa mwanamke aliyeuza zabibu za pombe kisha akamsingizia nduguye.

Baba aliwaahidi wazee kwamba mzabibu utaondolewa kabla mwezi haujaandama. Aliyepewa kazi ni ndugu yangu. Alikuja na msumeno siku ya Ijumaa asubuhi, akaanzia chini, kwenye mashina, na chanja nzima ikashuka pamoja na vile vishada vya ukutani vilivyokuwa ndani ya vifuko vyake, nusu vimegeuka rangi. Nilitoka nikasimama karibu naye. Nilitaka aniangalie tu. Alifunga matawi mafungu mafungu, akayatoa nje, akarudi kufagia. Alifagia vizuri, mpaka pembeni. Kunguru walishuka kugombea punje zilizopasuka.

Ramadhani ile tulifungua pamoja kila jioni, sote wanne kwenye mkeka mmoja. Alikuwa akinisogezea tende. Nilizipokea, kwa sababu Baba alikuwa akitazama.

Harusi ilikuwa nzuri. Mama aliniomba nibaki na wapishi, nisikae mbele na wanawake, wakwe wasije wakaanza maswali. Nilipika. Wiki iliyofuata nilihamia Majengo kwa shangazi yangu, dada wa Baba, ambaye alinipa chumba bila kuniuliza lolote, na hapo nikaanza kufundisha wasichana ushoni. Uani Kibokoni wakapiga sakafu ya simiti. Mke wa ndugu yangu, ambaye ni mtu mwema na hajui chochote, huanika nguo za wanawe pale. Wanawe wananipenda. Baba yao na mimi huamkiana siku za Idi, huniuliza afya, nami humwambia alhamdulillahi.

Baba alianza kuumwa miaka michache baadaye, na zamu ya mchana ikawa yangu. Alikuwa hali isipokuwa uji, kwa kijiko, polepole. Siku moja alisukuma kijiko kando, akasema, "Nilijua si wewe."

Nilimuuliza alijua lini.

"Siku ile ile. Aliposema alikukanya. Nilimwona anavyochezea zulia."

Niliweka bakuli kando. Nikamuuliza mbona alikubali mzabibu ukatwe, mbona hakusema mbele ya wale wazee hata neno moja.  Alikuwa akihema kwa shida.

"Yeye ndiye atakayebeba jina langu," alisema. "Na wewe nilijua utastahamili."

Nimeyasikia maneno mengi magumu maishani, na mengine kutoka kwa mume aliyenichukia, lakini hakuna lililonifika kama lile. Miaka yote ile nilikuwa nimemtoa yeye katika lawama. Nilipowahesabu walioniuza, nilimweka Baba upande wangu, upande wa waliodanganywa. Nilikuwa nikimhurumia.

Aliniomba nimsamehe. Nikamwambia nimekusamehe Baba, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia mzazi aliyelala kitanda kile. Kisha nikakoroga uji, ulikuwa umeanza kushikana juu, nikamlisha uliobaki. Alifariki mwezi uliofuata. Kama nilisema kweli au nilisema uongo siku ile, sijui mpaka leo.