Kikonyo cha Mchungwa wa Bibi

Tulikuwa wanne: mama yangu, bibi mzaa mama, shangazi aliyetutembelea kutoka Kharumwa, na mimi. Majina yao ninayo yote, ila wamelala, nawaacha wapumzike. Leo mjukuu amekamulia dagaa limau, na harufu imenirudisha pale.

Mchungwa wa bibi ulikuwa unakauka. Ulibaki na kikonyo kimoja tu, kijitawi cha kufaa kubebeshwa juu ya mlimau wetu ili kishike na kuzaa machungwa, na mama alikuwa hajawahi kubebesha mti. Alipasua shina la mlimau, akaushikilia ufa wazi kwa kisu, akanipa mimi nichomeke.

"Ng'wana wane, mwanangu, upesi, kisikauke!" mama akahimiza.

"Macho ya kikonyo yatazame juu," bibi akasema.

Shangazi akacheka. "Huyu hata gauni analivaa nyuma mbele, wifi!"

Nilichomeka. Mama akafunga kwa katani, akazungushia kitambaa kibichi. Kabla kitambaa hakijafunika, niliona yale macho ya kuchipulia yanatazama chini. Nikaogopa kusema.

Kila asubuhi bibi, ambaye macho yake yalishafifia, aliniuliza, "Kimeshika?"

"Kimeshika, bibi."

Mvua zilipokuja, mti ulichipua shinani, chini ya pale tulipofunga kitambaa. Bibi akachuma jani, akalisugua, akalinusa kwa muda mrefu.

"Limau nalo linaliwa," akasema. Hakuniuliza tena.

Nimechoka kulibeba hili. Kama yupo wa ukoo wetu aliyesikia kwamba kikonyo kile kilichomekwa na mwingine, tafadhali anisahihishe.