Majani Yaliyomuosha Mama

Admin, jina langu libaki kwako, maana huku Jericho tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina kibanda cha nywele hapa sokoni. Ni Mwislamu, watu wetu walitoka Pwani. Mume wangu ni wa Murang'a, alisilimu tukaoana. Dada yake, yaani wifi yangu, ndiye amenifikisha hapa.

Wifi alikuja kwangu kichwa kimeharibiwa na dawa za kulainisha nywele. Vidonda, mba, nywele zinabaki kwenye kitana. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi nasi, ndiye aliyempokea. Alitwanga majani makavu ya mkunazi, akayakoroga na maji mpaka yakatoa povu, akachanganya na udongo laini na alovera, akampaka taratibu. "Tulia mwanangu, kichwa hakitaki vita." Ikawa kila Jumapili akitoka kanisani anapitia kwetu. Nywele zikarudi, nyeusi tii. Yeye mwenyewe akaniletea wanawake wa kanisani kwao waoshwe, kibanda kikajaa.

Kisha mama akafariki. Wifi alikuja matangani, na sitamsingizia, alilia. Akapita jikoni akawakuta akina mama wa msikitini wakitwanga mkunazi. Akauliza ni wa nini. Wakamwambia ni wa kumuosha marehemu, ndivyo tunavyofanya sisi. Nilimwona akijishika kichwa, nikadhani ni uchungu.

Kumbe! Arobaini ya mama haijafika, kanisa zima linajua ati nawaosha vichwa na dawa ya maiti. Mteja mmoja wa Makongeni aliniuliza mbele ya watu, "Dadangu, ni kweli ulituosha na vitu vya wafu?" Jamani, hata maji yanaosha maiti, mbona mnayanywa? Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Siku hizi nakaa kibandani nikifukuza nzi. Na walai, si wateja wanaoniuma. Ni vile wifi alivyomfanya mama yangu, aliyemshika kichwa chenye usaha bila kukunja uso, kuwa kitu cha kutisha watu.

Sasa sikieni hii. Wifi anaolewa mwezi ujao. Alirudia zile dawa zake, kichwa kimechubuka upya. Juzi akanipigia simu: "Wifi, aki nisaidie. Nikuje jioni, tufunge mlango, watu wasijue." Pole hakuna, nisamehe hakuna. Mkwe wangu ananiomba nisimwaibishe binti yake. Mume wangu naye, "Damu ni damu." Nikamuuliza, ya mama yangu ilikuwa maji?

Nimekubali, anakuja Ijumaa. Lakini ndani sina mkunazi mwingine isipokuwa fungu lililobaki siku ile ya kumuosha mama. Kwangu mimi ni majani tu, safi kabisa, ningemwoshea hata mwanangu. Yeye akijua atapiga nduru isikike Komarock. Moyo mmoja unasema ni haki yake kujua, achague mwenyewe. Moyo mwingine, na ndio wenye nguvu, unasema nimsugue nayo vizuri, ninyamaze, ang'ae.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwambie kabla sijammwagia maji, ama nimwambie siku ya harusi, akishavaa shela?