Unga Wenye Kiu

Kwa miaka thelathini na mmoja Achamma alisimama mbele ya roli mbili za chuma katika karakana ya mpira kwenye mji wa Changanassery, akitia masizi. Mpira mbichi ulipita katikati ya roli, naye akaunyunyizia kidogo kidogo mpaka ukawa mweusi ti. Kucha zake hazikutakata hata Jumapili. Kanisani aliificha mikono ndani ya mtandio.

Wasiojua hudhani kuujaza mpira masizi hivyo ni kumwibia mnunuzi. Varkey, aliyeupika mpira kwenye mashine ya moto, hakuchoka kumchokoza.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wewe chechi, dada yangu mkubwa, umesifiwa mpaka unatia masizi."

"Tembo likitiwa maji linalegea. Mpira ukitiwa masizi unakaza. Siku nikiacha, soli za viatu vyako zitaisha kabla hujafika kwa mkeo."

Na ni kweli. Mpira mtupu hulika upesi kama kifutio cha mwanafunzi. Uliojazwa kupita kiasi nao hupasuka kama mkate mkavu. Kujua kiasi ndiyo kazi yenyewe, na Achamma alikijua kwa viganja.

Kisha Linsy, binti wa mwenye karakana, akashika usukani baba yake alipostaafu. Akakubali kutengeneza roli za mpira za kukoboa mpunga. Masizi hayakufaa hapo, yangechafua mchele, hivyo wakajaza silika, unga mweupe mwepesi kama vumbi. Mchanganyiko wa kwanza ukatoka motoni ukinata, kidole kinazama. Wa pili, vivyo hivyo. Linsy akaongeza salfa, dawa ya kuuivisha mpira, wapi.

"Chechi, nakuheshimu kama mama, kwa hiyo sikufichi," alisema Linsy. "Mwenye kinu cha mpunga aliyeagiza roli hizi anakuja Alhamisi. Mchanganyiko wa tatu ukiharibika, nitanunua mpira uliochanganywa tayari, na roli zako za chuma nitaziuza."

Achamma alikuwa na miaka hamsini na sita, na kazi nyingine hakuijua. Kilichomuuma zaidi ni kushindwa na unga, yeye aliyelelewa jikoni.

Asubuhi iliyofuata alipika puttu, mkate wa mvuke, mawazo yakiwa kwingine. Alishindilia unga wa mchele kwenye bomba la mvuke bila kuunyunyizia maji. Mumewe, Ouseph, akamega, akapaliwa.

"Mbichi huu. Leo hukuunywesha?"

"Nimesahau. Ukiwa mkavu unaunywa mvuke wote juu, ndani haui..."

Hakumaliza neno, wala chai yake. Alimkuta Linsy akifungua mlango wa karakana.

"Ule unga una kiu, mwanangu. Unazinywa dawa za kuivisha kabla mpira haujazipata. Tuunyweshe kwanza."

"Maji?"

"Maji yatatoa mapovu motoni. Tutie ile glaikoli, kiowevu cha pipani, uliyoifuta kwenye kitabu cha vipimo cha baba yako."

Linsy akainamisha uso. "Niliona haina kazi."

"Na mimi nikanyamaza, nikidhani msomi hakosei. Tumekosa wote."

Achamma akamwaga silika kwenye sinia, akainyunyizia glaikoli ile nzito na kuifikicha kwa mikono miwili kama unga wa puttu, hadi alipoikamata ngumini ikashikana, na alipoigusa kwa kidole gumba ikamomonyoka. Ndipo akaipeleka kwenye mpira. Dawa za kuivisha akazitia mwisho kabisa.

"Gramu ngapi, chechi?" Linsy aliuliza, kalamu mkononi.

"Mpaka ishikane ngumini."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Basi pima kilichopungua pipani."

Varkey alipoutoa motoni aliukandamiza kwa ukucha. Haukuacha alama. Akaugonga mezani, akaugonga tena, akaubeba mwenyewe kumpelekea Linsy. Kwa Varkey, hiyo ni sifa kubwa.

Alhamisi mpunga ukapita kwenye roli mpya za mpira, mchele ukatoka safi, bila doa. Mwenye kinu akaagiza roli nyingine arobaini. Linsy akafungua kitabu, akaandika uzito wa glaikoli, na chini yake akaongeza kwa mkono wake: *mpaka ishikane ngumini, kipimo cha Achamma*. Kabla ya hapo jina la mfanyakazi halikuwahi kuingia humo.

Roli za chuma hazikuuzwa. Ijumaa Achamma alirudi kwenye masizi yake. Jumapili, kanisani, aliiweka mikono juu ya benchi la mbele, kucha nyeusi zote kumi, akaiacha hapo mpaka ibada ikaisha.