Mkanda wa Mwenda ulipokwama kwenye beam pale Kiirua

Wakuu, poleni na kazi. Hapa siongezi chumvi, nilikuwa pale chini nimeshika kamba ya kuongozea chuma kinachoinuliwa.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimefanya vibarua Kiambere, nikafanya Embu kule mtaa wa Dallas, na kila site bado naikumbuka. Lakini ya Kiirua, huko Meru, iko peke yake.

Tulikuwa tunasimamisha stoo ya viazi, ya vyuma vitupu. Mwenda, fundi wa vyuma, alikuwa amekaa juu ya nguzo akingoja beam, ile boriti ya chuma ya kulaza juu. Njeru, mtu wa Embu, ndiye alikuwa kwenye kreni.

Hao wawili walitaniana kutwa. Njeru husema fundi wa Meru huletewa vyuma kama mgeni hotelini. Mwenda humjibu kwamba wa Embu wanajua kazi ya kukaa tu.

Upepo wa mlimani mnaujua. Beam ilipokaribia uliizungusha, kamba ikanishinda nguvu. Ncha ya beam ikaingia ndani ya mkanda wa harness ya Mwenda, ule wa kumkinga asianguke, ikamvuta mpaka akalalia nguzo.

Kutoka chini tuliona kama anagandamizwa. Site nzima ikapiga kelele: inua, inua. Hata mama wa chai.

Njeru hakuinua.

Angeinua, angeondoka na mtu.

Alikuwa anatazama kitu kimoja, mkono wa Mwenda. Ulikuwa umefunga ngumi: usisogeze. Wakuu, mtu amenaswa huko juu na bado anatoa ishara bila haraka.

Kisha Mwenda akageuza kiganja chini. Beam ikashuka upana wa kidole. Ngumi tena. Mkanda ukalegea. Akaonyesha kushoto, na chuma kizito hivyo kikasogea kama mtoto aliyelala anahamishwa kitanda.

Mkanda ukatoka.

Nilidhani Mwenda atashuka. Wapi! Aliita beam irudi, akalinganisha matundu, akaingiza bolti. Ndipo akashuka, akaenda kwa kreni.

"Shuka tunywe chai, bwana."

"Ngoja kwanza," Njeru akasema. "Miguu imekataa."

Mwenda akapanda hadi kwa cabin alikokaa Njeru, akamshika mkono, akamteremsha ngazi moja moja.

Nilichojifunza: mtu akiwa kwa shida, kelele zetu si lazima ziwe msaada. Mwangalie yeye kwanza.

Mliofanya kazi na kreni, nyinyi mmeona nini? Semeni hapa chini, nasoma zote.