Mama Aliyepotelewa na Majina

Siku moja haijanitoka, mwanangu, ijapokuwa mengi ya ujana wangu nimeyasahau.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naishi mtaa wa Galbet na mume wangu, binti yetu mdogo Hodan, na mama yangu mzazi, hooyo kwa Kisomali chetu. Mama alikuwa muuza maziwa ya ngamia, mwanamke ambaye sokoni hakushindwa kwa maneno. Kisha kiharusi kikampata. Miguu ilirudiwa na nguvu upesi, maneno hayakurudi. Kikombe alikiita kamba, mbuzi akamwita mlango. Mara nyingine alibaki kinywa wazi, machozi yakimlengalenga.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule, nilijiona mjuzi. Wageni wakija, nilimwinulia kijiko: "Hooyo, hiki ni nini?" Akikosea walicheka, nami nikacheka nao. Moyoni niliamini akili ya mama yangu imekwisha. Astaghfirullah.

Asubuhi hiyo nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, na Hodan analia njaa. Nikachukua chupa ya maziwa iliyokuwa karibu na mlango, nikamimina kikombeni. Mama alikuwa ameketi mkekani. Akapaza sauti: "Kiatu! Kiatu!"

"Viatu vyako viko hapo nje, hooyo," nikamjibu bila hata kumtazama.

"Kiatu!" Akainuka, akaja mbio, akakipiga kikombe kikaniponyoka, maji meupe yakatapakaa sakafuni. Nilimfokea, mwanangu. Nilimfokea mama yangu kama mtoto. Yeye akaiokota ile chupa, akainusa, akaelekeza kidole kwenye zizi la mbuzi, kisha akabana kucha zake mbili kama mtu anayeua kupe.

Hapo nikaelewa. Ilikuwa dawa ya kuogeshea mbuzi. Mume wangu alikuwa ameichanganya na maji jana yake, ikawa nyeupe kama maziwa, na iliyobaki akaitia kwenye chupa hiyo. Nikaketi chini palepale, nimemkumbatia Hodan.

Eeddo Khadija, dada wa baba yangu, alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Hakupandisha sauti.

"Kila siku unamuuliza jina la kijiko," akasema. "Umewahi kumpa kijiko, ukaona anakosea kula nacho? Kilichopotea ni jina. Kitu chenyewe anakijua kuliko wewe."

Baadaye muuguzi aliyekuwa akimhudumia mama alinieleza vizuri zaidi. Ubongo hauhifadhi habari zote za kitu mahali pamoja. Umbo lake, harufu yake, kazi yake na jina lake hukaa sehemu mbalimbali, na kuna njia zinazoziunganisha. Kwa mama, njia ya kuelekea majina ndiyo iliyoharibika. "Hata wewe," akaniambia, "hujawahi kukutana na mtu unayemjua sana, jina lake likakukwama ulimini?" Lilikuwa limenikwama wiki hiyohiyo.

Nikaacha kumtahini. Nilimpa vitu avishike, avinuse, kisha nikamwanzishia sauti ya kwanza ya neno na kungoja. Kungoja ndiko kulikonitesa, maana nilikuwa mtu wa haraka. Miezi ikapita. Jioni moja alitoka kukamua, akaniwekea bakuli mkononi. Nikasema, "Caa…" Naye akamaliza: "Caano." Maziwa. Tukalia sote wawili.

Si maneno yote yaliyorudi. Mpaka mama anafariki, jina la Hodan lilikuwa halijarudi. Alimwita "mwezi", na Hodan aliitika.

Jungu kuu halikosi ukoko, mwanangu. Juzi nimekusikia ukimcheka babu yako alipoiita redio sufuria. Usimcheke, wala usimjaribu mbele za watu. Neno likimpotea, tazama mikono yake na macho yake; huenda anakijua barabara anachokitaka. Msaidie kwa sauti ya mwanzo, kisha umngoje, hata chai ikipoa. Na akikuzuia jambo kwa neno usilolielewa, simama kwanza, uulize baadaye. Mimi sikusimama, na aliyemwokoa Hodan ni yule niliyemwona mjinga.

Allah akuhifadhie akili na ulimi wako. Na siku utakapolitafuta neno usilipate, akujaalie mtu mwenye subira ya kukungoja. Amin.