Kuni Nene za Spès

Romana wa kijiji cha Kakese alizijua kuni za kila mwanamke aliyepita mbele ya nyumba yake, na zilizomkera ni za jirani yake Spès. Mwaka huo wa 1996 bwana misitu, mzee Gaudensi, alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba katika msitu wa serikali mtu aokote kuni kavu zilizojiangukia tu, abebe kichwani. Shoka na panga marufuku. Tangu hapo wanawake walikuwa wakirudi na vijiti vya kuwashia moto. Spès peke yake alitoka na kuni nene kama paja, akapita akisalimia.

"Kwa Spès maharage yanaiva mapema," Maximilian, mume wa Romana, alisema jioni moja akisubiri chakula. Hakuwa na nia mbaya, lakini neno lile lilimchoma Romana kama mwiba.

Akaenda kwa Gaudensi. "Yule mama ana shoka. Amelificha huko msituni."

"Umeliona?"

"Sasa kuni zile anazipataje?"

Kesho yake wakamfuata nyuma nyuma. Spès alipita mahali walipozoea kuokota wenzake, akavuka korongo, akafika mahali ambapo tembo walikuwa wameangusha miti miaka ya nyuma, ikakaukia pale pale. Akachukua tawi, akalipenyeza kati ya miti miwili iliyokaribiana, akaliegemea kwa nguvu zake zote mpaka likakatika. Mkononi hakuwa na chuma chochote.

Gaudensi akajitokeza. "Hujavunja sheria, mama. Ila hii ni njia ya tembo, siwezi kukuacha ufie huku. Kuanzia leo usivuke korongo."

Spès akatazama nyuma ya mzee, akamwona Romana amesimama kichakani.

Romana alidhani atafurahi. Juma lililofuata wakawa wanaokota vijiti pamoja, na bado moyo wake haukutulia. Mwishowe Spès alisema, bila kuinua macho, "Ungeniuliza tu, dada, ningekupeleka. Zilikuwepo za kututosha sisi wote."

Romana akaendelea kufunga mzigo wake. Alimtazama mwenzake akijitwika na kuondoka, shingo imenyooka, hana kinyongo. Hata kwa hilo akamwonea wivu.