Safisha Zote, Usibakize

Mimi na kaka yangu tunaongea, nisije nikasingiziwa. Krismasi tunakula pamoja, nikiugua anakuja na mfuko wa machungwa. Watu wakituona wanadhani yameisha. Hayajaisha. Kuna neno moja la kawaida tu, neno la kila siku, nikilisikia hata sokoni damu inanichemka, nalo ni "kusafisha."

Kwenye studio yetu Ngarenaro tulizaliwa tukalikuta neno hilo. Studio ilikuwa ya baba, na mteja akileta mkanda wa picha alikuwa anauliza, "Nitasafishiwa lini?" Mkanda unaingia chumba cha giza, unapitishwa kwenye dawa, unaoshwa kwa maji, unaanikwa kwa vibanio, na watu wanatokea. Huko ndiko kusafisha. Usiposafisha huna picha, una mkanda tu. Mimi nilikulia humo ndani mpaka nguo zangu za shule zikanuka dawa. Kaka hakukanyaga. Eti dawa zinampa mafua. Nyoo! Uvivu ndio uliokuwa unampa mafua.

Baba alipofariki, tulibaki na studio sisi wawili. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara imefunguliwa, kila mtu anaagiza anachotaka, na kompyuta zilizotumika zinashushwa kutoka kwenye makontena pamoja na friji na matairi. Kaka akaenda Dar kusomea kompyuta. Akarudi na cheti, na mashine moja nzito, na mfuko wa sidii za kuchomwa zenye majina ya programu yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Kulikuwa na programu ya kurekebisha picha, ya kupanga picha kwenye folda, ya kuchomea sidii, na ya kuwinda virusi. Kila Jumatatu alikuwa anakaa mbele ya kioo anasema, "Subirini, nasafisha mashine." Maana yake anafuta. Anafuta virusi, anafuta mafaili yaliyojaa, anafuta kadi ya kamera ili itumike tena. Huko Dar ndivyo walivyomfundisha: kitu kikichafuka au kikijaa, kisafishe.

Kwa hiyo chini ya bati moja tulikuwa na kusafisha kwangu na kusafisha kwake. Kwangu picha inatokea, kwake picha inapotea. Miezi mingi tulifanya kazi hivyo na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mikanda ilikuwa yangu na kompyuta ilikuwa yake.

Na msinione mshamba niliyekataa maendeleo. Kamera ya dijitali nilipoishika mara ya kwanza nilifurahi kuliko yeye. Mimi ndiye niliyeweka utaratibu: kadi ikitoka kwenye kamera, picha zinakiliwa kwanza kwenye kompyuta, halafu zinachomwa kwenye sidii, ndipo kadi inaguswa. Kaka alicheka, akaniita mama wa kanuni. Sawa, acha aniite.

Sasa mama. Mama yetu alikuwa mke wa mpiga picha, mama wa wapiga picha, na hakuwa na picha. Mganga hajigangi. Aliishi kule juu, kwenye migomba na kahawa, upande wa mlima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupanda nacho daladala na kushuka nacho. Ukimwelekezea kamera anageuza mgongo. "Unanichukua unanipeleka gizani siku nzima," alikuwa anamwambia baba, "nani anajua utanirudisha nikoje?" Picha yake pekee ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho cha ushirika wa kahawa, amekunja uso kama anayesubiri kuchomwa sindano.

Siku ya ubatizo wa mtoto wa kaka nilipanda na kamera mpya; za kanisani nilishazipiga kwa mkanda. Baada ya chakula nilimkuta mama nyuma ya jiko ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage, jua la alasiri limemwangukia upande mmoja. Nikaiba picha moja. Akasikia. "Wee! Umenifanya nini?" Badala ya kukimbia nikamgeuzia kamera, nikamwonyesha kile kioo cha nyuma. "Huyo hapo, mama. Hujaenda gizani popote."

Akaisogeza karibu na jicho, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Halafu akacheka, jamani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba azikwe. "Kumbe nimefanana na mama yangu hivi!" Mama yake alikufa zamani bila picha yoyote. Akajifuta mikono, akaweka kanga vizuri, akaniambia, "Haya piga, kabla sijabadili mawazo." Nikapiga. Amecheka, amenuna, amefumba macho, ametazama mlima. Mwishowe akanishika mkono. "Nitolee moja kubwa. Ninataka kumwona mama yangu kabla haya macho hayajafunga."

Hakuniomba kingine chochote maishani, mama yule. Alinipa kila kitu na akaomba picha moja kubwa.

Niliposhuka mjini umeme ulikuwa umekatika, ule mgao wetu. Sikuweza kunakili. Asubuhi nilikuwa na kazi ya picha za shule moja Engutoto, gari limeshafika, linapiga honi, kamera ninayoichukua ni ile ya zamani ya mkanda. Kadi nikamwekea kaka mezani, mbele yake kabisa.

"Kaka, umeme ukirudi nisafishie hizo za mama."

Akauliza, sikatai, aliuliza: "Zote?"

"Zote. Usibakize hata moja."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mpaka limechakaa. Wapo ndugu wanaosema tugawane kosa, nusu kwako nusu kwake. Sigawani! Mimi nilizungumza lugha ya nyumba ile. Mtoto wa mpiga picha, aliyesomeshwa kwa hela ya kusafisha picha, anaambiwa asafishe picha za mama yake mzazi, anaelewa kufuta? Mtu anafuta mama yake? Hata kama ndivyo alivyosikia, hakuweza kuinua simu?

Niliporudi jioni nilimkuta anakunywa chai. "Za mama zimetoka vipi?" nikamuuliza.

"Nimesafisha."

"Lete nione."

"Uone nini sasa?" Akachomeka kadi kwenye kompyuta, akanifungulia. Kweupe. Akasema kwa majivuno ya mtu aliyemaliza kazi, "Imesafika kabisa, na nimeshaitumia mchana kwenye harusi ya jirani. Imeingia harusi nzima, nikainakili, nikaisafisha tena!"

Nilikaa chini sakafuni na mkoba begani. Ndipo akaanza kuelewa, nikaona uso unavyomshuka. Tulimpelekea kadi fundi mmoja mjini, Mhindi anayetengeneza kompyuta, mwenye programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Akahangaika nayo kwa uungwana kabisa. Kadi ingekuwa haijaguswa, alisema, angezipata. Lakini harusi imelala juu yake. Alichofufua ni vipande vya keki na suti, na kimoja chenye mstari wa kijani ambao labda ulikuwa mgomba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilitaka kupanda siku hiyohiyo nimwambie mama ukweli, nimpige nyingine. Kaka akanishika miguu. Kweli, alinishika miguu, mwanaume mzima. "Usimwambie nimemfuta, mdogo wangu. Kwa mila zetu unajua hilo ni neno gani." Nilikuwa najua. Kumwambia mzee umemfuta ni karibu na kumwombea kifo. Nikanyamaza, na yeye ndiye aliyepanda, akamwambia mama picha bado inasafishwa.

Nikienda na kamera mama ananizuia kwa mkono. "Si umeshanipiga? Leta kwanza ile." Nikibembeleza anakasirika: kwani ile ina kasoro gani? Nitamwambia nini? Ukungu ukazidi machoni. Akawa anauliza nikiwa bado getini, kabla hata ya kupokea shikamoo. "Umekuja naye?" Hakuwa anasema picha tena. Alikuwa anasema naye.

Alifariki masika, mapafu yakamshinda, bila kumwona mama yake.

Kwetu jeneza halitoki nyumbani bila picha mbele yake. Mtu wa familia anaishika kifuani, na waombolezaji wanaaga pale. Tulikuwa na kitambulisho cha ushirika tu. Kaka akasema, "Niachieni mimi." Akaskani ule uso uliokunjwa, akauingiza kwenye programu, akaukuza, akafuta makunyanzi ya paji la uso, akainua pembe za mdomo kidogo zionekane kutabasamu. Kisha akatafuta mwili. Kwenye mafolda yetu kulikuwa na mama mmoja aliyepigwa picha kwa ajili ya kamati ya harusi: gauni la lesi la kijani, mkufu, mikono imepumzika kwenye kochi. Kaka akamkata kichwa, akampachika mama yetu.

Nililetewa ikiwa kwenye fremu tayari, watu wamejaa uani. Nilimshika yule mwanamke kifuani mpaka kaburini. Mama yangu hakuwahi kuvaa lesi. Mkufu? Alikuwa na uzi wa dawa shingoni, basi. Na waombolezaji wakawa wanasema, "Jamani alivyokuwa amependeza! Mmemtunza!" Dada yake mmoja wa kanisani akaomba nakala, sikumpa. Kaka anapokea sifa kwa macho mekundu, anaitikia, "Tulimpenda sana." Nilimchukia siku ile. Ninasema nilivyohisi: nilimchukia mbele ya kaburi la mama, na mchungaji anasoma.

Usiku wa matanga nilimvuta pembeni nikamuuliza, "Yule ni nani uliyemzika?"

"Watu wamemlilia," akanijibu. "Unataka nini tena?"

Na kweli watu walikuwa wamelia, tena wameona. Matanga hayajaisha vizuri, wakaanza kuja. Kila mwenye mzee aliyefariki na kijipicha cha kadi ya kliniki au cha chama alikuja Ngarenaro atengenezewe kama ya yule mama. Mikanda ilikuwa inakufa, kazi ya chumba cha giza imekwisha, na studio ikawa inakula kwa marehemu. Nikajifunza programu. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na nikaijua kuliko kaka, kwa sababu macho ya kujua uso ninayo mimi. Ule mwili wa lesi ya kijani, uso wa mama ukiwa bado juu yake, kaka aliuhifadhi vizuri, na faili akaliita Mama, maana ndivyo alivyoliita siku ya kwanza na hakujisumbua kulibadilisha.

Siku moja akaja mzee kutoka Kwa Mrombo, Mwarusha, fimbo mkononi, mvua imemlowesha mabegani. Nikampa shikamoo, nikampa kiti. Akatoa kwenye leso picha ndogo ya kadi, imechanika pembeni. Mama yake. "Tunamzika yeyo wangu kesho," akasema. Yeyo ni mama, kwa Kimaasai chao. "Sina nyingine. Nimeambiwa hapa mnaweza kumrudisha mtu."

Kaka alikuwa kaunta, anakata picha za pasipoti. Bila kuinua kichwa akaniambia, "Hiyo rahisi. Fungua Mama, toa kichwa, weka huyo."

Alisema hivyohivyo, kama mtu anayeagiza chumvi. Nilimtazama nikingojea ashtuke, ajisikie alichokisema. Aliendelea kukata. Mkasi wake ulikuwa unakwenda vizuri, pasipoti baada ya pasipoti. Nilitaka kuichukua ile mashine niitupe mtaroni. Lakini mzee alikuwa ameketi pale, maji yanamdondoka kwenye viatu, ananitazama mimi.

Nikafungua Mama. Akatokea pale, na tabasamu lake la kubandikwa. Nilikuwa sijawahi kulifungua faili hilo tangu mazishi. Wazee wengine wote niliwatafutia miili kwingine, na kaka hakuwahi kuuliza kwa nini. Nikazungushia kichwa mstari, taratibu, sikioni, kidevuni. Hakuwa yeye, nilijua hakuwa yeye, lakini ule uso uliokunjwa wa ushirika ulikuwa wake, ndio peke yake uliobaki duniani, maana kitambulisho chenyewe na ile fremu tulimzika navyo. Nikabonyeza. Likabaki gauni na mkufu. Nikampachika yeyo wa yule mzee, nikamrekebisha rangi, nikamlainisha shingo. Kaka akaja nyuma yangu, akatazama, akasema, "Safi," akanyoosha mkono juu ya bega langu akabonyeza kuhifadhi. Palepale, juu ya jina lilelile, na uso wa mama ukafutika.

Nikauondoa mkono wangu kwenye mausi. Yeye alikuwa ameshageuka kwenda kuwasha printa.

Mzee alipoipokea picha aliigusa kwa vidole viwili, kisha akaweka leso machoni. "Ndiye," akasema. "Ndiye yeyo kabisa." Akanishukuru kwa mikono miwili, na akiwa mlangoni anangoja mvua ipungue akaniambia, kwa wivu mzuri wa mtu mwema, "Nyie wenye kazi hii Mungu amewapendelea. Mama yenu hawezi kuwapotea."

"Ni kweli, mzee," nikamjibu.

Alipoondoka nikarudi kwenye kioo. Juu ya dirisha pameandikwa Mama, na chini yake alikuwa amekaa mama wa mtu mwingine.